Kura ya Undugu
JUMANNE

Soma Waamuzi 9:1–6. Abimeleki alitumia hoja gani kuwavuta watu wa Shekemu? Walimpa nini, naye alikitumia kwa kazi gani?

Gideoni alipoombwa aitawale Israeli alikataa, akawaelekeza watu kwa Bwana (Amu. 8:22, 23). Alipokufa, mwanawe Abimeleki aliutafuta utawala huo mwenyewe. Alikwenda Shekemu, kwa wajomba zake, akawakumbusha kwamba yeye ni damu yao. Hakutaja haki, wala hali ya makabila mengine. Undugu ulitosha. Wakampa vipande 70 vya fedha kutoka katika hekalu la Baal-berithi, naye akaajiri wahuni, akawaua wana wa Gideoni, ambao nao walikuwa 70. Yothamu, mdogo wao wote, ndiye aliyesalimika kwa kujificha.

Soma Waamuzi 9:7–15. Mzeituni, mtini na mzabibu ilikataa kwa sababu gani? Mti wa miiba uliahidi nini?

Miti mitatu ya kwanza ilikuwa tayari inawafaa watu kwa matunda yake. Mti wa miiba haukuwa na tunda, lakini uliahidi kivuli. Mchunga mbuzi yeyote anajua kinachompata anayejilaza chini ya mti huo! Miaka mitatu baadaye watu wa mnara wa Shekemu, wapatao 1,000, wanaume kwa wanawake, waliteketea kwa moto (Amu. 9:46–49). Aliyeuwasha ni ndugu yao waliyemchagua.

Uchaguzi unapokaribia, maswali ya Shekemu husikika tena: “Ni wa kwetu? Ametuletea nini?” Kanga huchakaa, na kilo ya sukari haimalizi wiki; uongozi hudumu miaka mitano. Mwaka 1865 Konferensi Kuu ilikubaliana kwamba kupiga kura kwa ajili ya haki na utu si kosa, ila kura inayoimarisha maovu kama ulevi na utumwa ni hatia kubwa mbele za Mungu. Iliwaonya pia waumini wasiingie katika ugomvi wa vyama.

Paulo anatutaka tuangalie pia mambo ya wengine (Flp. 2:4). Hata mateka wa Babeli waliagizwa kuutafuta ustawi wa mji ule wa ugenini (Yer. 29:7). Basi Mkristo anaposhika karatasi ya kura na ajiulize: Huyu akishinda, mjane asiye na ndugu ofisini atasikilizwa? Mtoto wa kabila lisilo langu atapata dawa zahanati?

Tafakari: Tuseme mgombea wa ukoo wako, au hata mshiriki wa kanisa lako, anawania nafasi, nawe unajua kwamba mwingine angewatendea watu wote haki zaidi. Utafanya nini? Wazee wa ukoo wakikuita msaliti, utawajibuje kwa upole bila kuiacha kweli?