Neno "aisingi" na kitenzi -ganda

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo wanafunzi wetu huja nayo darasani yakiwa tayari vinywani mwao, limo neno aisingi. Mwalimu akiulizwa maana yake hujibu upesi kwamba ni sukari inayopakwa juu ya keki. Jibu hilo ni sahihi, ila halitoshi, kwa sababu katika Kiingereza neno hilo limetokana na barafu, na lina matumizi ambayo Kiswahili huyagawa kwa maneno mbalimbali. Tusipolichunguza, tutawanyima wanafunzi alama wanazostahili na kuwapa wasizostahili.

Tuanze na umbo. Sauti ai imebaki kama ilivyobaki katika faini, laini na baiskeli, na irabu i imeongezwa mwishoni kama katika shilingi. Neno limo katika ngeli ya I-ZI, na kwa kuwa hutaja kitu kisichohesabika, tunatumia upatanisho wa umoja: Aisingi hii ni nyepesi mno. Kitenzi hatuna haja ya kukiazima, kwani -paka na -pamba vinatosha: Mama aliipaka keki aisingi.

Sasa tutazame jambo lenye utata zaidi. Mwanafunzi mmoja anaandika, "Aisingi imeganda," na mwingine, "Keki imewekwa barafu." Walimu wengi huzikata sentensi zote mbili, wakidai kwamba hakuna baridi iliyohusika. Sentensi ya pili kweli ina kosa, kwa maana barafu ni maji yaliyoganda, wala si sukari. Ya kwanza haina kosa lolote. Kitenzi -ganda hakihitaji baridi. Maana yake ni kuwa kigumu au kizito baada ya kuwa majimaji. Damu huganda kwenye kidonda, maziwa huganda katika kibuyu, na aisingi iliyotengenezwa kwa ute wa yai na sukari ya unga huganda kwa kukauka tu.

Kitenzi hicho kina maana nyingine, nayo ni kushikamana na kitu bila kuachia: Kupe ameganda kwenye sikio la ng'ombe. (Mwanafunzi akiuliza kama jina la Uganda limetoka hapa, ajibiwe kwamba halikutoka hapa, ni kiambishi u- cha nchi kilichoungana na jina la Waganda.)

Maana hizi mbili hukutana katika matumizi ya neno hili yaliyo ya hatari kuliko yote, yaani yale ya marubani. Ndege ikipita katika mawingu yenye matone ya maji yaliyopoa kupita kiasi, matone hayo huwa barafu mara tu yanapogusa bawa na kung'ang'ania hapo. Umbo la bawa hubadilika, na nguvu ya kuinua ndege hupungua. Hatari hiyo huweza kuanzia hata chini uwanjani: tarehe 13 Januari 1982, ndege ya shirika la Air Florida ilipaa kutoka Washington ikiwa na theluji na barafu mabawani, ikaanguka katika mto Potomac, na watu 78 wakafariki. Kiswahili husema: Barafu iliganda mabawani. Neno moja limebeba kugeuka kuwa kigumu na kung'ang'ania pia. Mwanafunzi anayefasiri kwamba mabawa "yalipakwa aisingi" amewatoa wapishi jikoni na kuwapeleka uwanja wa ndege.

Katika mchezo wa magongo wa kwenye barafu, neno hilohilo ni jina la kosa fulani la kupiga mbali kisahani kinachochezewa. Kwetu mchezo huo ni nadra; itoshe kueleza kosa lenyewe kwa maneno.

Imebaki nahau ya Kiingereza inayotaja aisingi juu ya keki. Isifasiriwe neno kwa neno. Ikiwa na maana ya jema lililoongezwa juu ya jema, tunaandika: Alifaulu mtihani, na zaidi ya hayo akapewa zawadi. Ikiwa inabeza, neno pambo tu linatosha.

Zoezi. Sahihisha panapostahili, na ueleze sababu:
(a) Aisingi zimeganda juu ya keki.
(b) Mafuta ya nazi yameganda asubuhi hii.
(c) Ndege ilichelewa kwa sababu ya aisingi ya mabawa.