Somo la Ununuzi wa Umma: Simu kwa Mzabuni Mmoja

Zabuni ya kujenga zahanati imetangazwa. Jioni, mkandarasi mmoja anampigia simu afisa wa ununuzi wanayefahamiana: mabati yanayotakiwa ni ya geji 28 au 30? Afisa anamjibu, wanaagana. Hakuna hongo iliyotolewa. Hata hivyo ushindani umeshaharibika, kwani wengine wataweka bei kwa kukisia jambo ambalo mwenzao analijua.

Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na unaozingatia thamani ya fedha. Katika mfano huu, swali lingeletwa kwa maandishi na jibu litumwe kwa wote waliochukua stakabadhi za zabuni, bila kumtaja aliyeuliza.

Undugu nao huleta utata, hasa mashinani ambako karibu kila mtu anamjua mwenzake. Kuwa na binamu mkandarasi si kosa. Kosa ni kuketi kwenye kamati inayotathmini zabuni yake huku umenyamaza. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inamtaka mwenye maslahi ayatangaze na ajiondoe.

Baada ya mkataba kutiwa sahihi, watu hulegeza macho, na hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Mkandarasi anaweza kushinda kwa bei ya chini akitarajia kuiongeza baadaye. Ndiyo maana sheria hairuhusu bei kuongezwa kabla ya miezi 12, na mabadiliko ya kiasi cha kazi za ujenzi hayawezi kupita asilimia 20 ya kilichoandikwa kwenye mkataba. Kamati ya ukaguzi na upokeaji inapaswa kufika pale penye jengo. Sahihi iliyowekwa ofisini, bila kupima ukuta wala kuhesabu mabati, ni uongo hata kama kazi ilifanywa vizuri.

Serikali pia ina deni la uaminifu. Mkandarasi aliyemaliza kazi huwa amekopa benki, na mafundi wanamdai. Faili yake ikikaa mezani bila sababu, ataanza kutafuta mtu wa “kuisukuma”, na ufisadi utakuwa umezaliwa na uzembe tu. Wanaoumia zaidi ni vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, ambao sheria imewatengea angalau asilimia 30 ya ununuzi. Wengi wao hawana mtaji wa kungojea malipo mwaka mzima.

Aliyeshindwa naye hafai kuachwa gizani. Ana haki ya kuarifiwa kwa maandishi wakati uleule mshindi anapoarifiwa, na kuelezwa sababu. Asiporidhika, ana siku 14 za kuwasilisha malalamishi kwa bodi ya kitaifa ya rufaa za zabuni, nayo ina siku 21 za kuamua.