Mnyama wa Nyumbani Afapo

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Ijulikane kwamba nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja hazikosi paka. Nyumba zimebanana, panya hawakomi, na paka huingia chumba hiki akatokea kile hata huwa kama mmoja wa watu wa nyumbani. Na katika hadithi ya Abu Qatada, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ametajwa kuwa si najisi, kwa kuwa ni katika wanaowazungukia watu majumbani mwao. Basi paka huyo afapo mtoto hulia, na baba humcheka au humkemea. Kisha mzoga hutupwa jaani, au pwani ya Shangani, na maji yakijaa huurudisha papo hapo.

Yote mawili hayafai. Ama kumcheka mtoto, imepokewa kwa Anas bin Malik, Mwenyezi Mungu amwie radhi, kwamba nduguye mdogo alikuwa na kidege akikichezea. Asili ya habari hii imo katika Bukhari na Muslim, na kufa kwa kidege kumetajwa na Abu Daud. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwona mtoto yule ana huzuni, akauliza ana nini, akaambiwa. Hakucheka. Alimwita kwa jina la heshima, Abu Umeir, kama aitwavyo mtu mzima, akamwulizia habari za kidege chake. Nani katika wanaume wa leo aliye na shughuli kubwa kuliko zake?

Ama mzoga, katika madhehebu ya Imamu Shafi ni najisi, ila wa samaki na nzige. Kwa hiyo paka haoshwi, hakafiniwi wala hasaliwi, na makaburi yaliyowekwa wakfu kwa Waislamu si mahali pake. Lakini kumfukia ni kuwaondolea watu madhara njiani, na hilo ni tawi katika matawi ya imani. Mkono mkavu ukigusa mzoga mkavu haupati najisi. Pakiwa na unyevu, uoshwe. Wa mbwa, penye unyevu, huoshwa mara saba, moja kwa udongo.

Mjini hakuna udongo wa kuchimba, basi na aombwe ndugu mwenye shamba. Shimo liende chini, kunguru wasifikie. Nao waliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale taka, na sasa ndio wazitawanyao juu ya mapaa! Upande wa Makunduchi na Jambiani udongo ni haba na maji hupenya upesi katika mawe, kwa hiyo pawe mbali na kisima. Punda wa gari huhitaji watu kadhaa na kamba. Naye akifa ghafula asichunwe wala asipasuliwe mpaka aitwe bwana mifugo, kwani kimeta humwambukiza mtu.

Mtoto akiuliza kama atamwona tena paka wake, asomewe aya ya 38 ya Sura ya An'am, kwamba wanyama nao ni umma na watakusanywa kwa Mola wao. Yaliyo zaidi ya hayo, aambiwe, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.