Dondoo muhimu: Rimu ya kuhimili njia ya mawe

Kama pikipiki yako inashinda kwenye makorongo na mawe, achana na rimu za sport, zile za kumwagwa kipande kimoja. Mjini zinapendeza, lakini zikipigwa vibaya na jiwe hupasuka, na ufa ukishaingia rimu hiyo si ya kuaminiwa tena. Chukua ya spoki: spoki zinagawana pigo, na iliyokatika hubadilishwa peke yake.

Chuma au alumini? Rimu ya chuma ni nzito na hushika kutu, hasa kwenye matundu ya spoki, ila ikipinda kidogo fundi wa kijijini ataigonga irudi. Alumini nzuri ni nyepesi na ngumu; aloi za kundi la 7000 hutumika sana kwenye rimu za motokrosi. Bei yake si ndogo. Ukiwa mbali na mji, mimi ningechagua chuma kinene.

Dukani, soma namba iliyogongwa kwenye rimu. 1.85x18 maana yake upana ni inchi 1.85, kipenyo inchi 18. Linganisha na ya zamani, kisha hesabu matundu. Pikipiki nyingi zina 36. Yasipolingana na habu, usinunue.

Ikishafungwa, gonga spoki moja moja kwa spana. Iliyokaza hulia kwa sauti kali, iliyolegea hutoa mlio mzito. Rudia baada ya safari ya kwanza, maana spoki mpya hulegea. Na upime upepo kabla ya kuingia kwenye mawe: tairi likiwa na upepo mdogo, pigo linafika moja kwa moja kwenye rimu.