Alama ya Kifaru Begani mwa Askari

Katika vita vya pili vya dunia, vijana wengi kutoka Osiri na sehemu nyingine za kusini ya Nyanza waliandikishwa katika King's African Rifles na vikosi vingine vya Afrika ya Mashariki. Picha zao zimo mpaka leo katika masanduku ya jamaa zao. Kwa mtu ajuaye kuzisoma, nguo za askari zaeleza mengi kuliko uso wake.

Mwaka 1943 iliundwa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, iliyokusanya askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Mnyama huyu hakuhitaji kuelezwa kwa Mluo, ambaye humwita omuga. Hata leo wako vifaru katika Bonde la Lambwe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Kifaru hana subira, naye akisha kushambulia harudi nyuma upesi. (Gari la vita la chuma nalo huitwa kifaru kwa Kiswahili, lakini si hilo lililokusudiwa katika alama hii.) Wenzao wa Divisheni ya 81 ya Afrika ya Magharibi walichagua buibui, mwerevu wa hadithi zao.

Alama ya divisheni ilikuwa kitambaa kidogo, kilichowekwa juu ya mkono wa nguo, karibu na bega, kwa kawaida mikono yote miwili. Jina la kikosi, kama liliwekwa, lilikuwa juu yake. Tepe za cheo zilikaa chini zaidi: moja kwa lansi koplo, mbili kwa koplo, tatu kwa sajini. Desturi ilikuwa mnyama aelekee mbele, kwa hiyo vitambaa vilitengenezwa viwili viwili, cha kulia na cha kushoto, ili asionekane kama anayekimbia adui. Na kwa kuwa nguo za kaki zilifuliwa mara kwa mara, mara nyingi alama zilifungwa kwa vifungo, au zilivishwa katika kamba ya bega, zipate kuondolewa bila kufumua uzi.

Kuondolewa huko kulikuwa na sababu nyingine, nayo kubwa zaidi. Alama ile iliyomwezesha ofisa kuwatambua watu wake ilimwezesha adui pia. Mateka mmoja, au maiti mmoja, mwenye kitambaa begani angeweza kufunua mahali ilipo divisheni nzima yenye maelfu ya watu. Kwa hiyo askari waliokwenda kwa siri waliamriwa kuondoa alama zao, na magari yao yakafutwa rangi zake.

Jambo hili la kutambuliwa lilitumiwa kwa hila huko Burma, ambayo leo huitwa Myanmar. Divisheni ya 11 iliteremka katika Bonde la Kabaw, penye mvua na malaria, ikafika Kalewa mwezi wa Desemba 1944, kisha ikarudishwa India kupumzika. Wajapani walikuwa wamekwisha kuwajua Waafrika wale. Basi Jenerali Slim alipotuma jeshi kwa siri kuelekea Mto Irrawaddy, aliweka mbele Brigedi ya 28 ya Afrika ya Mashariki, akitumaini Wajapani watadhani ni Divisheni ya 11 tu, wala hawatatambua jeshi kubwa lililofuata nyuma. Mwezi wa Februari 1945 brigedi hiyo ilijifanya kutaka kuvuka mto upande wa Seikpyu. Ilishambuliwa vikali hata ikarudi nyuma. Mbali kidogo, huko Nyaungu, Divisheni ya 7 ya India ilianza kuvuka tarehe 14 Februari, na mapema mwezi wa Machi mji wa Meiktila ulitekwa.

Basi mjukuu anayetazama picha ya babu yake na atazame mkono wa nguo. Kichwa cha kifaru chaonyesha Divisheni ya 11. Tepe zaonyesha cheo. Lakini picha iliyopigwa msituni, askari amevaa nguo za kijani zisizo na alama yoyote, isidhaniwe kuwa ni ya mtu asiyefika vitani. Huenda alama iliondolewa kwa amri.