SOMO: MIGUU YENYE GANZI NAYO IPEWE KAZI



Wapo miongoni mwetu ambao, wimbo unapoanza kanisani, wao hubaki wameketi. Si kwa uvivu wala kiburi. Nyayo zinawawaka kama waliokanyaga makaa, au zimekufa ganzi kana kwamba si zao. Sisi tunaoandika somo hili ni wa kundi hilo.

Ugonjwa wenyewe

Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za simu zipelekazo habari kati ya mwili na ubongo. Nyaya ndefu ndizo huharibika kwanza, ndiyo sababu shida huanzia vidoleni mwa miguu. Kisukari ndicho kisababishi kikubwa. Vingine ni ulevi wa muda mrefu, upungufu wa vitamini B12, ukoma, virusi vya UKIMWI, na baadhi ya dawa. Kwa hiyo tusikisie, twende tukapimwe.

Je, tukae tu?

Mmoja wetu alirudi kutoka sokoni na msumari ndani ya kiatu asijue, mpaka alipovua soksi akaona damu. Kidonda kilichukua miezi kupona. Kilipopona akaogopa, akakaa kitini mwaka mzima. Mapaja yakakonda, sukari ikapanda, na ngazi tatu za mlango wa kanisa zikamshinda. Kumbe kilichomponza si kutembea, bali ni kutotazama kiatu.

Zamani watu kama sisi waliambiwa wasitembee sana wasije wakapata vidonda. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba wenye kisukari na ganzi waliofundishwa kutembea na kutunza miguu hawakupata vidonda zaidi ya wenzao. Mazoezi hushusha sukari, hutia misuli nguvu, na husaidia tusianguke.

Namna ya kuanza

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wapate dakika 150 au zaidi za mazoezi ya wastani kwa juma. Tusiogope hesabu hiyo. Tuanze na dakika 5 baada ya chakula, tukiongeza kidogo kidogo. Nyumbani tushike meza imara, tuinue visigino mara 10. Kisha tuketi na kusimama mara 10. Mwenye kidonda mguuni asiukanyagie mguu huo kwa mazoezi. Afanye ya mikono akiwa ameketi, mpaka mganga amruhusu. Atumiaye insulini achukue pipi au sukari mfukoni.

Ulinzi wa kila siku

Asubuhi tukung'ute viatu na kupapasa ndani kwa mkono. Tusitembee peku, hata nyumbani. Maji ya kuoga tuyapime kwa kiwiko, maana mguu wenye ganzi hautatuambia kwamba unaungua. Jioni tutazame nyayo na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo, au amwombe mjukuu. Lengelenge au jeraha, hata kama haliumi, lipelekwe zahanati bila kungoja. Kutouma si dalili ya uzima.

Maumivu si ya namna moja

Maumivu ya kuwaka, yazidiyo usiku, mara nyingi ni ya mishipa ya fahamu. Yakikamata ndama ya mguu tutembeapo na kuisha tusimamapo, huenda damu haifiki vizuri. Mguu mmoja ukivimba ghafula, ukiwa na joto na maumivu, huenda damu imeganda ndani; hapo tusiukande wala kufanya mazoezi, bali twende hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo miguu ikilegea ghafula, au haja ikitutoka bila kujua.

Hatuahidi kwamba mazoezi yatarudisha hisia zote zilizopotea. Ila yule ndugu wa msumari alianza tena, hatua chache uani akishika ukuta. Leo anazipanda zile ngazi tatu, na kila jioni mkewe humwuliza, "Umetazama nyayo?"

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini kidonda kisichouma ni cha hatari?
2. Nani katika mtaa wetu ameacha kutembea, na nani atafuatana naye?
3. Jana jioni, je, tulitazama miguu yetu?