Ekzosi ya swichi: nifunge mwenyewe?

Swali: Nipo Kahama. Naweza kujifungia ekzosi ya spoti yenye swichi?

Jibu: Unaweza, ila ugumu hauko kwenye boliti, uko kwenye kuziba moshi. Swichi huendesha vali: ikifungwa, moshi hupita kwenye sailensa. Ikifunguka, huikwepa na muungurumo hupanda. Kiungo kinachovuja kinaweza kuingiza ndani ya gari kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu na inayoua. Basi subiri injini ipoe, gari likae juu ya stendi imara, si jeki pekee, na katalisti usiiguse. Utasema swichi itainyamazisha ekzosi ukifika mjini. Sawa, lakini vumbi la barabara za migodini laweza kuikwamisha vali ikiwa wazi, na kanuni za kelele za Tanzania za mwaka 2015 hupima sauti, hazipimi nia. Isafishe vali mara kwa mara.